Nilivyoipima Kanazi Vibaya

Mwezi uliopita mlikuja nyumbani kwangu watatu, mmevaa vizibao vipya vya wadadisi, kila mmoja na kishikwambi chake. Mliniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, tukakaa. Nilifurahi sana, maana mtu akishastaafu ofisi humsahau upesi. Tulikunywa uji, mkaniuliza habari za zamani, na nyingi nilizijibu kwa kicheko. Kisha Editha, aliye mdogo wenu, akauliza: "Bibi, ni kweli wenzetu wa ng'ambo ya mto wanatushinda kwa tija? Wanasema uchumi wao umekua haraka kuliko wetu, na wakulima wao wanavuna kuliko sisi."

Nikawaambia uji unapoa.

Ninyi mkadhani sijasikia. Nilisikia, Editha. Swali hilo liliwahi kumwumiza mtu mmoja pale kata ya Kanazi, na takwimu zilizomwumiza nilizikusanya mimi kwa mkono wangu. Sikuwa tayari kulijibu mbele ya vikombe. Sasa nimekaa na kalamu, nitalijibu.

Kwanza neno lenyewe. Tija ni neno tamu la ofisini, lakini maana yake ni nyepesi: umeweka nini, umepata nini. Ekari moja imetoa magunia mangapi. Mtu mmoja akishinda na jembe siku nzima, jioni kumeonekana nini. Mkitaka kulinganisha nchi mbili kwa miaka mingi, mtaona michoro mizuri yenye mistari ya rangi. Lakini chini kabisa ya kila mstari kuna mtu kama mimi, kasimama kwenye shamba la mtu, anashika kamba.

Mimi waliniita Mama Kamba. Jina langu la ubatizo, Skolastika, walilijua parokiani na ofisini tu. Kazi ya takwimu za kilimo nilifundishwa na Mzee Masanja, Msukuma aliyekuja huku kutoka Shinyanga akiwa kijana. Alikuwa mtu mrefu, mpole, ila kwenye kazi hakuwa na masihara. Alinifundisha kupima shamba kwa kamba ya mita na dira, kuchagua kipande kidogo cha mraba bila kuangalia mahindi yamestawi wapi, kuvuna kipande hicho peke yake na kukipima kwenye mizani ya kuning'iniza. Alinifundisha kutopima mahindi mabichi. "Maji hayaliwi ugali," alikuwa akisema. Alichukua punje akaing'ata, ikivunjika kwa mlio tunapima, ikibonyea tunaanika kwanza na kurudi siku nyingine.

Jambo alilolirudia kuliko yote lilikuwa la milima. Nyie mmezaliwa Ngara, mnajua hakuna shamba lililolala sawa hapa. Mzee Masanja alisema kamba isilazwe chini kufuata mteremko. Ishikwe kiunoni, inyooke kama maji ya kwenye beseni, hata kama lazima mpime vipande vifupi vifupi na kuchelewa. Ukiilaza mlimani, shamba linaonekana kubwa kuliko lilivyo. Na shamba likiwa kubwa kwenye karatasi, mavuno ya ekari yanakuwa madogo, na mkulima anaonekana mvivu. Alinionyesha hivyo kwa vidole vyake mara nyingi mpaka nikaudhika.

Nilikosea mengi, na mengine yanachekesha. Mwaka wangu wa kwanza nilitumwa Biharamulo na fomu yenye swali hili: shamba hili umelipataje? Kaya baada ya kaya wakanijibu kwa kifupi, "Mahari pa baba." Mimi nikaandika mahari. Niliporudi, Mzee Masanja akasoma fomu zote, akavua miwani. "Binti, kwa hiyo kijiji kizima kimewaoza binti zao kwa mashamba badala ya ng'ombe?" Kumbe walikuwa wanasema mahali pa baba, yaani ardhi ya urithi. Na mimi mwenyewe nimekua nikisema Kihangaza, l na r zinanisumbua mpaka leo, ningepaswa kuelewa kabla ya mtu mwingine. Nilirudi kwa mguu kijiji kile kile kuuliza upya. Ndivyo alivyotaka: aliyekosea anarudi mwenyewe.

Somo la kamba nililisahau siku nilipolihitaji.

Ulikuja mradi mmoja, jina lake silitaji na halina kazi hapa. Wataalamu wake walitaka kulinganisha tija ya wakulima wa pande hizi mbili za mpaka, kwa miaka mingi, ili waone nani amekua na kwa sababu gani. Upande wa ng'ambo walikuwa tayari na takwimu zao. Upande wetu wangetumia kumbukumbu za zamani na vipimo vipya, na vipimo vipya nilipewa mimi. Mzee Masanja alikuwa amestaafu, amehamia Biharamulo na ng'ombe zake.

Mradi ule uliahidi pia jambo kubwa. Ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umeanza kuingia kwenye migomba yetu. Mnaujua: majani yanageuka njano mgomba ukiwa bado mchanga, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na ukikata shina linatoka kitu cha njano kama usaha. Mradi ungeleta miche safi na mtaalamu wa kukaa na wakulima, lakini isingetosha kata zote. Walisema miche itapelekwa kwanza kule wakulima wanakojituma. Nani anajituma, ingeonyeshwa na takwimu.

Hapo Kanazi palikuwa na mwanamke anaitwa Anastazia. Tulilingana umri. Mumewe alikuwa amelala kitandani kwa maradhi ya mgongo, mama mkwe haoni, watoto wanne wako shule. Kazi yote ya shamba aliifanya yeye na mdogo wake wa kike. Shamba lao lilikuwa mlimani, mahindi na maharage yamechanganywa, na katikati migomba mikubwa ambayo baba mkwe aliipanda. Kwa kweli familia ile iliishi kwa ndizi. Mahindi yalikuwa ya kuongezea.

Nilifika kwake kumekucha na mawingu. Gari la mradi lilinisubiri barabarani chini, na dereva alikuwa na haraka kwa sababu mvua ikinyesha tope la pale halipandiki. Alipiga honi. Nikaanza kupima kwa kushika kamba kiunoni kama nilivyofundishwa. Akapiga honi tena. Nikailaza kamba chini, kutoka juu mpaka bondeni, mara moja, nikamaliza. Nikasema moyoni, kwa leo tu. Kisha nikafanya hivyo hivyo kwenye mashamba yote ya mteremko ule, siku ile na siku mbili zilizofuata, kwa sababu jambo ukishalifanya mara moja mkono unalizoea.

Manyunyu yakaanza. Nikakaa chini ya migomba ya Anastazia kumalizia fomu. Fomu iliuliza mahindi tu. Iliuliza kaya ina watu wangapi, nikaandika wanane. Alinipa ndizi mbili za kuchoma nikale njiani. Nikamshukuru, nikakimbia kwenye gari.

Baada ya mavuno tuliitwa kwenye mkutano. Ukumbi ulijaa wenyeviti wa vijiji, wakulima, mapadre wawili, na sisi wa ofisini mstari wa mbele. Mtaalamu wa mradi, kijana msomi mwenye adabu, akawasha mashine yake, na ukutani ikatokea mistari. Mstari wa ng'ambo ulikuwa unapaa. Wetu ulikuwa unatambaa, na chini kabisa palikuwa na mmoja mwekundu, wa Kanazi.

"Ardhi ni ile ile," akasema yule kijana. "Mvua ni ile ile, hata watu ni ndugu. Kinachobaki ni kujituma. Mkulima mmoja wa ng'ambo anazalisha kuliko wakulima kadhaa wa huku."

Watu wakainamisha vichwa. Nyuma akasimama mwanamke, na kabla hajafungua kinywa nilishamjua.

"Naomba kuuliza, mheshimiwa. Huo mstari mwekundu ni sisi?"

"Ndiyo mama. Ni wastani wa Kanazi."

"Na mimi nimo humo?"

"Kama ulipimwa, umo."

"Nilipimwa. Sasa migomba yangu mbona haimo?"

Kijana akafungua karatasi zake, akanitazama mimi. Ukumbi wote ukanitazama.

"Migomba haikuwa kwenye fomu," nikasema.

"Mama Kamba," akasema Anastazia, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya mtu anayeshangaa, "si ulikaa chini ya migomba hiyo hiyo ukiandika?"

Mwenyekiti wa mkutano akasema muda umekwisha. Miche ya migomba ikaandikiwa kata nyingine.

Wiki ile nikachukua likizo yangu, nikapanda basi kwenda Biharamulo kwa Mzee Masanja. Nilimkuta zizini anamkagua ndama. Nikapiga goti, nikamsalimia, nikamweleza yote, hata honi ya dereva. Hakunikemea. Aliomba nimwonyeshe nakala ya ule mchoro. Akakaa kwenye kigoda, akaupitia mstari kwa mstari.

"Huku mmehesabu mahindi peke yake," akasema mwisho. "Ng'ambo wamehesabu nini?"

Nikatazama maelezo ya chini, yale ya herufi ndogo. Ng'ambo walihesabu kila kilichotoka shambani: ndizi, maharage, viazi, vyote. Sisi tulichukua mahindi tu, tukayagawanya kwa shamba zima, hata ile sehemu iliyokaliwa na migomba.

"Na watu?"

Ng'ambo walihesabu siku za kazi za wanaolima. Sisi tuligawanya kwa vichwa vya kaya. Kwa Anastazia tulikuwa tumemgawia jembe mgonjwa wa mgongo, bibi kipofu na watoto wanne wanaoshinda darasani.

"Na wameanza kuhesabu mwaka gani?"

Hilo sikuwa nimeliwaza kabisa. Mstari wa ng'ambo ulianzia mara tu baada ya vita vyao, mashamba yamelala, wenyewe wametawanyika, wengine wako huku kwetu, kambi ya wakimbizi ya Benaco. Mstari wetu ulianzia mwaka uliokuwa na mavuno mazuri kuliko miaka ya jirani yake.

Mzee Masanja akanirudishia karatasi. "Mgonjwa akiinuka kitandani, siku ya kwanza anafika mlangoni, ya pili anafika uani, ya tatu anafika barabarani. Ukimlinganisha na mzima anayekwenda sokoni kila siku, utasema mgonjwa anakua kwa kasi ya ajabu. Ni kweli anakua. Ila hujasema alianzia wapi. Na miaka ile ya Benaco, milima yetu ilikatwa miti yote ya kupikia, udongo ukashuka bondeni. Nani aliuandika udongo ule?"

Nikaanza kufurahi, Editha, nitawaambia ukweli. Nikasema, basi mzee, hawatushindi, ni uongo mtupu. Akanitazama kwa ukali ambao sikuwahi kuuona.

"Usifanye hivyo. Nenda kapime upya, halafu ndiyo useme. Na uvuke ukaone wenzako wamefanya nini kwenye vilima vyao."

Nilivuka. Niliona matuta ya ngazi yamechongwa mlima mzima kutoka juu mpaka chini, na wakulima waliniambia mtaalamu wao anarudi kila msimu, yule yule, anawajua kwa majina. Kisha nikaenda Kanazi kwa miguu na kamba yangu, bila gari. Anastazia alinikuta mpakani mwa shamba.

"Umerudi kupima nini, na miche imeshakwenda?"

"Nilikosea, dada. Nimekuja kurudia."

"Kurudia kwako kutanirudishia miche?"

"Hapana."

Akashika ncha ya pili ya kamba, akaiinua mpaka kiunoni bila kuambiwa. Tulipima asubuhi nzima. Tulipofika katikati akasimama kwenye mgomba mmoja, akaukata shina kwa panga, akanionyesha. Usaha wa njano ulikuwa unatiririka polepole. "Huu wa tatu," akasema.

Nikapima mashamba yote niliyoyaharibu, nikahesabu ndizi, maharage, na siku za kazi za wenye majembe. Jibu lilikuwa hivi, na ndilo jibu lako Editha: sehemu kubwa ya lile pengo ilikuwa makosa yetu. Kanazi haikuwa chini kabisa. Wala haikuwa karibu na chini. Lakini pengo halikwisha lote. Lililobaki lilikuwa la kweli, wenzetu walikuwa mbele, na msimu hadi msimu wanaongeza. Wala si kwamba walijituma kuliko Anastazia, maana sijaona mtu aliyejituma kuliko yule. Wao mtaalamu alirudi kila mwaka. Sisi alikuja mara moja, akapiga picha, akaenda. Jambo dogo kama hilo, likirudiwa miaka ishirini, linakuwa nchi mbili tofauti.

Nikaandika barua ya kusahihisha. Mkuu wangu wa wakati ule aliisoma amesimama.

"Skolastika, ripoti imeshatoka. Unataka tuwaambie wageni kwamba tumekosea?"

"Ndiyo, mzee."

"Nani aliyekosea? Sema vizuri."

"Mimi. Nililaza kamba. Fomu nayo ilikuwa mbaya, lakini kamba ni mimi."

Alikaa na barua ile muda mrefu. Mwisho akaipeleka, na mimi nikahamishiwa Biharamulo, kwa maslahi ya kazi, kama ilivyoandikwa. Nilikaa huko miaka mingi nikihesabu ng'ombe na pamba. Masahihisho yangu yalikuja kuchapishwa karatasi moja, nyuma kabisa ya ripoti iliyofuata. Miche ikafika Kanazi msimu wa tatu. Migomba ya Anastazia ilikuwa imekwisha kung'olewa na kufukiwa yote. Mumewe alikuwa amefariki. Nilipeleka rambirambi, nikaambiwa mwenye nyumba ameondoka, amemwachia mdogo wake kiwanja.

Vijana wangu, vishikwambi vyenu ni vizuri. Vinapima shamba kwa kuzunguka tu, wala mlima hauvidanganyi kama ulivyonidanganya mimi. Lakini havitawaambia nani kwenye kaya anashika jembe na nani amelala. Havitawaambia mstari ulianzia mwaka wa neema au wa maafa. Hayo mtauliza kwa mdomo, mtasubiri jibu, na kama fomu haina nafasi mtamwandikia aliyeitunga, mmwambie fomu yake imepungukiwa. Mkiona nchi imewekwa juu ya nchi nyingine, msikimbilie kukubali kwa sababu mchoro ni mzuri, wala msikimbilie kukataa kwa sababu mmeumia. Mimi nilifanya yote mawili, ndani ya mwaka mmoja.

Nilimwona Anastazia tena miaka michache kabla ya kustaafu. Tulitumwa Rusumo, mpakani, kuhoji wafanyabiashara wadogo. Ilikuwa adhuhuri, malori yamepangana kutoka darajani mpaka juu kwenye mlima, mawakala wa forodha wanapita na mafaili yao, na sauti ya maporomoko inasikika kila gari linapozima injini. Kwenye kibanda cha mabati mwanamke mnene kidogo, kitambaa kichwani, alikuwa anageuza wali kwenye sufuria kubwa.

"Kalibu, Mama Kamba," akasema kabla sijamtambua. "Siku hizi unapima masufulia?"

Nikakaa kwenye benchi. Tulipeana habari za watoto. Mmoja wake alikuwa amemaliza ualimu. Mama mkwe alikuwa amekufa. Nilimwomba msamaha tena, na yeye akasema, "Hayo yamepita," kwa namna ambayo sikujua kama amenisamehe au amechoka kusikia. Nikatoa fomu. Anaanza kazi saa ngapi, anamaliza saa ngapi, madereva wangapi kwa siku, anabakiwa na nini. Alijibu moja baada ya jingine huku anapakua. Madereva walimwita mama, kila mmoja kwa lafudhi ya nchi yake.

Nilipomaliza akafuta mikono.

"Haya niambie. Kwenye ile mistari yenu, mimi sasa niko wapi?"

Niliamua kumwambia kweli. Hesabu yake nilikuwa nimeiona. Kwa saa moja ya kazi alikuwa anapata kuliko alivyowahi kupata shambani, hata miaka ile migomba ilipokuwa mizima. Na watu wengi wakitoka kwenye jembe kwenda kwenye kazi kama ile yake, wataalamu hufurahi, maana ndivyo nchi nyingi zilivyokua.

"Umepanda, Anastazia," nikasema. "Kwenye karatasi umepanda sana. Na kwa sababu yako mstari wa nchi nao umepanda kidogo."

Alinitazama, mwiko mkononi.

"Mimi?" akasema. "Mimi sijapanda kitu tangu migomba yangu ilipokufa."

Hakusema kwa hasira. Alimgeukia dereva aliyekuwa anasubiri na sahani yake, akamuuliza anataka maharage au samaki.